Darubini Tatu za Mtumba na Yale Niliyojifunza kwa Macho Yangu

Darubini yangu ya kwanza ya kutazamia kwa macho mawili ilikuwa na lenzi za mbele zilizong'aa kwa rangi nyekundu kama akiki, na kando ya lenzi ya jicho palikuwa na kijiti kidogo ambacho, nikikisukuma, kilikuza kitu kutoka mara 10 hadi mara 30. Ilikuwa imekwisha kutumika, lakini mpira wake haukuwa na alama hata moja, na muuzaji aliifuta kwa kitambaa mbele ya macho yangu kabla ya kunikabidhi. Nilikuwa nimeweka akiba kwa miezi mitano ili nipate kuwatazama ndege kwa karibu, na nilipoiinua na kumwona mtu aliyesimama mbali kana kwamba yuko hatua chache tu kutoka kwangu, nililipa bila kuuliza swali lolote. Jioni ile niliitazama miti kwa robo saa. Nilianza kusikia maumivu katikati ya nyusi, yakaenda nyuma ya macho, nikalazimika kulala mapema. Kesho yake maumivu yalirudi, na kwa wiki tatu niliamini kabisa kwamba macho yangu ndiyo mabovu.

Aliyenitoa katika imani hiyo ni mzee mmoja, fundi wa saa na kamera, ambaye nilimpelekea darubini ile nikitaka tu aniondolee vumbi. Aliishika, akaitazama kwa sekunde chache, kisha akaniambia, "Mwanangu, macho yako ni mazima. Haya mabomba mawili ndiyo yasiyotazama mahali pamoja." Akanitoa nje, akaniambia nitafute kitu kirefu kilicholala sawasawa, tena kilicho mbali sana. Nilichagua waya wa umeme uliokatiza mbele ya anga. "Sasa utazame kama kawaida mpaka uwe mkali," akasema, "halafu iondoe darubini usoni polepole, bila kuacha kuutazama waya."

Nilifanya hivyo. Darubini ilipofika umbali wa karibu shubiri moja kutoka usoni, ile picha moja niliyoizoea iligawanyika ikawa miduara miwili midogo, kila mmoja na kipande chake cha waya. Katika mduara wa kushoto waya ulipita katikati. Katika mduara wa kulia ulipita chini, karibu robo ya mduara mzima. Nilirudia mara nne, na mara zote waya ule ulikuwa umevunjika vilevile, kama ngazi yenye kidato kimoja. Nilikuwa nimekaa wiki tatu nikiyalazimisha macho yangu kuunganisha vitu viwili ambavyo havikuunganika.

Tangu siku hiyo, nikiulizwa ni jambo gani la kuangalia kwanza katika darubini ya mtumba, sijibu ukuzaji, wala jina la kiwanda, wala usafi wa lenzi. Najibu kwamba ni mapatano ya mabomba mawili, na nalisema kwa msisitizo kwa sababu ndiyo kasoro ambayo mnunuzi mgeni haioni dukani. Macho ya binadamu ni hodari wa kujigeuza kuelekea ndani, kwani ndivyo yafanyavyo kila tunaposoma, na kwa hiyo huvumilia kiasi fulani cha mpishano wa upande huo. Lakini kujigeuza kuelekea nje hayawezi ila kidogo mno, na jicho moja kupanda huku jingine likishuka ni jambo ambalo karibu haliwezekani. Ubongo hufanya juhudi hata hivyo, na kwa dakika mbili au tatu za kujaribu hufaulu, ndiyo maana picha huonekana njema mkononi mwa muuzaji. Malipo ya juhudi hiyo huja baadaye, nyumbani, kwa njia ya maumivu ya kichwa.

Yako majaribio mengine mawili ninayoyatumia pamoja na lile la waya. La kwanza ni kushikilia darubini machoni, kufumba macho kwa sekunde tano au sita, kisha kuyafumbua ghafla. Ukiona vitu viwili vinavyokimbiliana na kuungana, hata kwa sekunde moja tu, basi macho yako yamekamatwa yakifanya kazi ambayo si yao. La pili ni la usiku: elekeza kwenye nyota angavu, kisha uuharibu ukali wa upande mmoja kwa kuzungusha pete iliyo kwenye lenzi yake ya jicho, ili upande huo nyota iwe mduara mpana wa mwanga na upande mwingine ibaki nukta. Nukta hiyo inapaswa kukaa ndani ya mduara. Ikikaa nje yake, iwe juu au chini au kando, uirudishe darubini kwa mwenyewe.

Sababu ya ubovu huu si fumbo. Ndani ya kila bomba kuna vipande vya kioo viitwavyo prizimu, ambavyo kazi yake ni kuisimamisha picha, kwani bila hivyo ulimwengu ungeonekana miguu juu. Prizimu hukaa katika kitako chake kwa ukanda mwembamba wa chuma au kwa gundi, na darubini ikianguka mara moja tu sakafuni, hata kama nje haikuchubuka, kitako kinaweza kusogea kiasi kisichoonekana kwa jicho na picha ikahama. Katika zile zenye kijiti cha kubadili ukuzaji hali ni ngumu zaidi, kwa maana lenzi za pande zote mbili hulazimika kusogea pamoja na kukuza sawasawa, na ni vigumu kitu kama hicho kudumu miaka mingi mikononi mwa watu mbalimbali. Mtu mwenye akiba ndogo asiziguse kabisa darubini za namna hiyo, hata akipewa kwa bei ya chini kuliko nyingine zote. Ile rangi nyekundu nayo haikuwa na faida yoyote kwangu: lenzi inayong'aa nyekundu inaurudisha nje mwanga mwekundu, kwa hiyo kile kinachofika jichoni kimeelemea kijani na buluu, na ndege mwenye kifua chekundu hafanani na alivyo.

Darubini ya pili niliinunua kwa uangalifu, au ndivyo nilivyodhani. Ilikuwa kubwa, ya zamani, yenye maandishi 10x50, na uzito wake ulikaribia kilo moja. Waya ulikaa sawa katika miduara yote miwili, na nilifurahi mno kwa kulifaulu jaribio nililofundishwa hata nikasahau kwamba yapo mengine. Nilipoitumia kutazama bonde asubuhi, kila kitu kilikuwa mahali pake lakini kimefifia, kana kwamba mtu amewasha moto wa kuni karibu na moshi wake unapita. Usiku nikachukua tochi ndogo, nikaiwasha upande wa lenzi za jicho, na nikachungulia kwa pembeni kupitia lenzi ya mbele. Juu ya uso wa prizimu niliona nyuzi nyeupe nyembamba kuliko unywele, zimetoka katika kona moja na kugawanyika, kila tawi likizaa matawi mengine, mfano wa mizizi ya mche uliong'olewa mchangani. Ilikuwa ni kuvu.

Kuvu huota ndani ya darubini zinazowekwa mahali penye unyevu na giza, na mkoba wa ngozi ambao wengi huuona kuwa ni zawadi ya ziada ndio mara nyingi unaotunza unyevu huo. Ikiwa changa, fundi anaweza kufungua na kuisafisha. Ikikaa miaka, hutoa asidi inayokula utando uliopakwa juu ya kioo, na hata baada ya kusafishwa alama zake hubaki. Kabla ya yote, mimi hunusa: darubini au mkoba unaotoa harufu ya nguo zilizovunda huwa umekwisha kutoa ushahidi wake.

Kuhusu tochi, nitoe tahadhari, kwa sababu nami nilipita mpaka upande wa pili nikawa ninakataa kila nilichoonyeshwa. Mwanga mkali wa pembeni huonyesha kila chembe, na hakuna darubini ya miaka thelathini isiyo na vumbi ndani. Chembe chache za vumbi hazipunguzi chochote katika picha. Hata mkwaruzo mmoja mwembamba kwenye lenzi ya mbele hauonekani ukitazama. Ukungu wa kijivu uliosambaa sawasawa mara nyingi ni mvuke wa grisi ya zamani uliotua juu ya kioo, na huo husafishika. Kinachonifanya niiweke chini mara moja ni nyuzi zenye matawi, au mabaka yenye rangi za upinde wa mvua karibu na ukingo wa lenzi, ambayo ni dalili kwamba gundi inayoshikanisha vioo viwili imeanza kuachia, au vichwa vya skrubu vilivyoliwa na bisibisi isiyowiana navyo. Skrubu zilizoliwa huniambia kwamba mtu asiye fundi amekwisha kuingia humo, na sijui alichokigusa.

Hapa niseme habari za zile tarakimu, kwa kuwa watu wengi huzisoma kinyume. Katika 8x30, nane ni mara ambazo kitu hukuzwa, na thelathini ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawanya ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa mwale wa mwanga unaotoka kuingia jichoni: milimita 3.75 kwa 8x30, milimita 5 kwa 10x50, milimita 7 na ushei kwa 7x50. Mboni ya jicho mchana hufunguka milimita mbili au tatu tu. Gizani ya kijana inaweza kufika milimita saba, na hupungua kadiri umri unavyosonga. Kwa hiyo mtu anayetazama ndege mchana hana haja ya kubeba 7x50 shingoni, maana sehemu kubwa ya mwanga huo huishia nje ya mboni yake. Ile darubini yangu ya kwanza, nilipoisukuma hadi mara 30 kwa lenzi za milimita 50, ilikuwa ikinipa mwale wa milimita 1.7, na ndiyo sababu jioni ilikuwa giza tupu. Zaidi ya hayo, kila kinachokuza kitu hukuza pia mtetemo wa mikono. Mimi sijaweza kushikilia chochote kinachozidi mara 10 kikatulia, na watu wengi niliowajaribisha hawakuweza pia.

Baada ya hasara mbili nilikaa mwaka mzima bila kununua, nikiwa nashika kila darubini iliyonipitia na kuijaribu tu. Katika mwaka huo ndipo nilipoujua umuhimu wa umbo. Kuna darubini zenye mabega, ambazo lenzi zake za mbele zimekaa mbalimbali kuliko lenzi za jicho. Na kuna zile za mabomba yaliyonyooka, nyembamba na nzuri mkononi. Zile zenye mabega hutumia mpangilio wa prizimu uliobuniwa na Mwitaliano Ignazio Porro, aliyeupatia hataza mwaka 1854, na kampuni ya Kijerumani ya Carl Zeiss ilianza kuziuza mwaka 1894 kwa usanifu wa Ernst Abbe. Zile zilizonyooka hutumia prizimu yenye ukingo kama paa la nyumba, ambao huugawa mwanga katika nusu mbili na kuuunganisha tena. Ukingo huo usipochongwa kwa usahihi wa hali ya juu, na usipopakwa utando maalumu ambao Zeiss waliuleta mwaka 1988, picha hupoteza makali yake. Yote hayo yana gharama. Ndiyo maana, kwa pesa kidogo, darubini ya mabega iliyotengenezwa vizuri miaka arobaini iliyopita kwa kawaida huipita ile nyembamba ya bei hiyohiyo, na mimi sioni sababu ya kuificha kauli hii kwa maneno ya tahadhari. Anayetaka wembamba na kutoingiza maji, naye atakuwa na haki, lakini itambidi asubiri akiba yake ikue.

Utando wa lenzi pia husomeka kwa macho. Kioo kisichopakwa kitu hurudisha karibu asilimia nne ya mwanga katika kila uso unaokutana na hewa, na nyuso kumi za namna hiyo zinatosha kupoteza kama theluthi moja ya mwanga wote. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa Zeiss alibuni utando unaopunguza hasara hiyo, na tando za tabaka nyingi zikaenea miongo kadhaa baadaye. Simama chini ya taa, iinamishe lenzi, utazame taswira za taa zinazorudi kutoka ndani: zikiwa nyeupe, kioo hakina kitu, zikiwa za buluu au zambarau iliyopauka, ni tabaka moja, zikiwa hafifu na za kijani au zambarau iliyokolea, yawezekana ni tabaka nyingi. Usitazame taswira ya kwanza tu, kwa sababu wapo watengenezaji waliopaka uso wa nje pekee. Kisha ielekeze darubini angani, mbali na jua, uishike kama futi moja kutoka usoni, na uangalie vile viduara vya mwanga katika lenzi za jicho. Viduara vya mviringo kamili ni dalili ya prizimu za kioo bora na zenye ukubwa wa kutosha. Vikiwa na kingo za kijivu zilizokatwa kama mraba, prizimu ni za kioo cha daraja la chini.

Darubini ya tatu ilikuwa 8x30 yenye mabega, na sura yake ilikuwa ya kusikitisha. Rangi nyeusi ilikuwa imechubuka pembeni hadi metali ikaonekana, kipande cha ngozi ya bandia kilikuwa kimebanduka chini ya kidole gumba, na mkanda haukuwapo. Muuzaji aliiweka nyuma ya nyingine zilizopakwa mafuta zikang'aa. Nilimwomba ruhusa ya kutoka nayo nje, akakubali, na jambo hilo nalipa uzito mkubwa: siku nyingine nimewahi kukutana na muuzaji aliyekataa isivuke mlango, nikamshukuru na kuondoka, kwa sababu chumbani kila darubini ni nzuri na kukubali hivyo ni kununua mbuzi kwenye gunia. Waya wangu ulikaa sawa. Tochi ilinionyesha vumbi na alama moja ya grisi. Bawaba ya katikati iliufuata mkono kwa ugumu uliolingana toka mwanzo hadi mwisho na kubaki pale nilipoiacha; gurudumu la kurekebishia ukali lilikuwa zito kidogo kwa sababu ya grisi iliyokauka, lakini halikuwa na ulegevu, na daraja linalobeba lenzi za jicho halikuyumba nilipolibonyeza upande mmoja. Nilifunika lenzi ya kulia, nikarekebisha jicho la kushoto kwa gurudumu, kisha nikafunika ya kushoto na kurekebisha la kulia kwa pete yake, na baada ya hapo nilisoma kibao cha mbali kwa dakika tano kamili bila kuishusha. Hakuna kilichouma. Majani yaliyokuwa ukingoni mwa picha yalikuwa na ukungu kidogo, jambo la kawaida kwa darubini za rika hilo zenye upana mkubwa wa kuona, kwani hii inaonyesha kama meta 150 za upana kwa umbali wa meta 1,000.

Kasoro moja niliijua baadaye, wala haikuwa yangu. Rafiki yangu avaaye miwani alipoijaribu aliona kiduara kidogo tu katikati, kama anayechungulia katika tundu la ufunguo, kwa sababu darubini za zamani humtaka mtu aweke jicho karibu sana na kioo. Mwenye miwani anahitaji nafasi ya milimita 15 au zaidi kati ya lenzi na jicho, na vikombe vya mpira vinavyokunjika. Ajaribu akiwa na miwani yake usoni. Asikubali kuambiwa kwamba atazoea.

Wanaonunua kwa picha, bila kukishika chombo, nawashauri waombe picha nne: lenzi za mbele zikimulikwa kwa tochi kutokea nyuma, lenzi za jicho zikimulikwa kutokea mbele, skrubu zote kwa karibu, na maandishi ya juu ya mabega. Maandishi hayo husaidia kujua asili. Jenoptem na Deltrintem za 8x30 zilizotengenezwa na Carl Zeiss Jena katika Ujerumani Mashariki ni imara mno; nyingi za Kisovyeti hustahimili taabu, ila picha yake ina rangi ya manjano; na za Kijapani za miongo iliyofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia mara nyingi zina muhuri wa JB na tarakimu unaotaja kiwanda kilichounda mwili wake. Hata hivyo jina halithibitishi hali ya ndani, na mapatano ya mabomba hayaonekani katika picha yoyote, kwa hiyo haki ya kurudisha ni sharti iandikwe kabla ya malipo. Gharama ya fundi wa kulinganisha mabomba inaweza kuzidi bei ya darubini yenyewe, na kazi hiyo si ya kujaribia nyumbani. Zile skrubu ndogo karibu na prizimu, na zile pete zinazozunguka lenzi za mbele, zinahitaji kifaa cha kupimia.

Yangu nilimpelekea yule mzee aisafishe grisi. Aliichungulia, akaipima kwa waya uleule nje ya kibanda chake, akairudisha mkononi mwangu na kusema tu, "Hii itunze." Naitunza hivi: kabla ya kuifuta napuliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, kisha natumia brashi laini, na kitambaa cha lenzi huja mwisho, kwa kuwa chembe ya mchanga chini ya ncha ya shati hukwaruza utando kwa mpanguso mmoja. Siiweki katika mkoba wake. Hulala katika kisanduku cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vifuko vya vichembe vinavyofyonza unyevu, ambavyo vikigeuka rangi navikausha katika joko la moto mdogo na kuvirejesha, na kila nikitoka mvuani huiacha wazi juu ya meza penye hewa usiku mmoja kabla ya kuifungia tena.